Ufa Uliopakwa Rangi

Asubuhi ya baridi ya tarehe 10 Julai 1962, lori la tani zipatazo 45 lilikuwa likivuka Daraja la King Street mjini Melbourne, Australia. Ghafla kipande kimoja cha daraja kikatitia. Boriti zake za chuma zilikuwa zimekatika kama kuni kavu. Kuta za zege zilizojengwa chini yake ndizo zilizokidaka, na hakuna aliyekufa. Daraja lilikuwa na miezi 15 tu tangu lifunguliwe.

Tume iliyoundwa kuchunguza ilikuta chanzo si lori. Chuma kilichotumika kilikuwa na nguvu kuliko kile mafundi walichokizoea, lakini kilikuwa kigumu kuchomelea. Chuma cha namna hiyo hutaka kupashwa moto kwanza na kuchomelewa kwa vijiti vikavu. La sivyo, pembeni ya weldi pakishapoa hupasuka.

Dalili zilikuwepo. Bamba lililokatika lilipopimwa upya, lilikutwa na kaboni nyingi kuliko ilivyoandikwa kwenye vipimo vya kiwandani. Wakaguzi nao walikazania weldi ndefu, wakazipita zile fupi za miishoni mwa mabamba ya nyongeza, na hapo hapo ndipo nyufa zilipoanzia. La kuumiza zaidi, ndani ya ufa ilikutwa rangi. Maana yake ufa ulikuwepo tangu boriti zilipopakwa rangi, kabla gari la kwanza halijapita. Wahenga walituambia tuzibe ufa. Hawakutuambia tuupake rangi.

Ndugu zangu, tusiwacheke waliolijenga daraja lile. Wao walikuwa na cheti cha vipimo vya kiwandani mkononi. Sisi huitwa kwenye ghala la enzi za mkoloni, mwenye mali anataka kuongeza sakafu ya juu, na michoro haipo. Nami nimewahi kusimama chini ya boriti ya namna hiyo, nikaigonga kwa nyundo, ikalia vizuri, nikataka kusema chuma cha zamani hakina neno. Mlio hautaji kiasi cha kaboni. Hata jina la kiwanda lililochorwa ubavuni hutaja aliyeitengeneza boriti, si aina ya chuma chake.

Basi tukiulize chuma chenyewe. Tukate kipande kidogo mahali pasipobeba mzigo mkubwa, baada ya mhandisi kupaonyesha. Tukate kwa msumeno, kwa sababu moto wa gesi hukibadilisha chuma tunachotaka kukipima. Pengo lililobaki tulisage liwe laini, lisije likazaa ufa mwingine. Maabara ivute kipande hicho hadi kikatike, ipime na mchanganyiko wake. Boriti moja isitoe ushahidi kwa niaba ya zote, maana jirani yake huenda ilitoka kiwanda kingine. Kipimo cha ugumu cha kushika mkononi kinafaa kuzilinganisha boriti, lakini peke yake hakitoshi kuruhusu kuchomelea.

Na majibu yasipopatikana, tuache kuchomelea. Mhandisi akokotoe kwa nguvu ya chini, tufunge kwa bolti. Mwenye mali atanung'unika kuhusu gharama na siku zilizopotea. Tumvumilie. Na kabla hatujafungua kopo la rangi, tuziangalie tena zile weldi fupi za miishoni.