Dawa Iliyoletwa Shuleni ni ya Nani?

Kando ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Albert, watoto huoga, huchota maji na kuvua samaki mahali pale pale wanapokaa konokono wadogo wa majini. Ndani ya konokono hao hutoka vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya mtoto pasipo yeye kujua. Huo ndio mwanzo wa kichocho cha tumbo. Minyoo hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo, mayai yake hunasa katika ini, na baada ya miaka tumbo huvimba. Kabla ya hapo mtoto hulegea tu. Husinzia darasani, naye mwalimu humdhania kuwa mvivu.

Dawa yake ipo, yaitwa prazikwanteli. Lakini mtoto asiyejiona mgonjwa haendi hospitali, na wazazi wake hawana sababu ya kumpeleka, hasa ikiwa hospitali ni mwendo wa siku nzima. Kwa hiyo waganga waliona vema dawa imfuate mtoto mahali alipo. Mwaka 2001 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizihimiza nchi zenye ugonjwa huo kuwapa dawa walau watoto 75 katika kila 100 wenye umri wa kwenda shule walio hatarini. Shule ilichaguliwa kwa kuwa huko watoto hukusanyika, na mwalimu anayajua majina yao. Hata mizani haihitajiwi. Fimbo yenye alama husimamishwa ukutani, mtoto husimama mbele yake, na urefu wake huonyesha idadi ya vidonge: wa sentimeta 94 hupewa kimoja, wa sentimeta 150 hupewa vitatu. Yafaa awe amekula kwanza, maana anayemeza akiwa na njaa huweza kupata kizunguzungu na kutapika. Basi mtoto aliyefika bila uji ndiye ateswaye na dawa, na jioni kwao husemwa kwamba wazungu wameleta sumu.

Kazi hiyo ni njema. Hata hivyo, swali la dhamiri laanzia langoni mwa shule. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yasema kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure, na tangu mwaka 2019 serikali ilianza kulitimiza neno hilo. Lakini wako waliobaki nje: binti amleaye mdogo wake, mvulana achungaye mbuzi, yatima aliyekimbia vita pamoja na shangazi yake na hajaandikwa popote. Hao pia huchota maji ziwani, tena mara nyingi kuliko wenzao walio darasani. Je, dawa iliyoletwa shuleni ni ya wanafunzi peke yao?

Wako wajibuo kwamba ndiyo. Mzazi aliyekataa kumpeleka mwanawe shuleni, wasema, na apate hasara yake. Jibu hilo lina sura ya haki, lakini si haki. Hasara haimpati mzazi. Yampata mtoto, ambaye hakuulizwa neno. Wengine hujibu kwa akili zaidi: asiyetibiwa huurudisha ugonjwa majini kwa choo chake, basi atibiwe ili wengine wapone. Hiyo ni kweli, na kwa mganga yatosha. Kwa Mkristo haitoshi, kwa sababu ingekuwa aibu kumpenda jirani kwa ajili ya usafi wa maji tu.

Wakatekumeni waijua habari ya mwenye kupooza katika Injili ya Marko, sura ya 2. Yesu alikuwa karibu, ndani ya nyumba ile ile kijijini, na bado mgonjwa hakuweza kumfikia, kwa kuwa mlango ulijaa watu. Wale waliojaa mlangoni hawakuwa wabaya. Walikuja kusikia neno la Mungu. Ila hakuna hata mmoja aliyetazama nyuma yake. Watu wanne ndio waliopanda na kuitoboa dari.

Siku hizi mganga wa kijiji aweza kumwuliza daktari wa mbali kwa simu, hata kumpelekea picha ya kidonda. Waganga wa kusafiri hufika kwa gari, pikipiki au mtumbwi. Hata kwa wale wadogo wasiofikia alama ya kwanza ya fimbo imepatikana dawa: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilikubali kidonge cha kuyeyusha majini kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Lakini simu haimwoni mtoto aliye malishoni, wala gari halijui nyumba ya yule shangazi. Anayeijua ni jirani.

Kwa hiyo, siku ya dawa ikitangazwa baada ya Misa, katekista ataje pia wasio na daftari. Mama mwenye unga aongeze kikombe kimoja katika uji wa asubuhi ile. Mwanafunzi aliyekwisha kumeza vidonge vyake apelekwe malishoni kuwashika mbuzi, ili mchungaji wao aje kusimama mbele ya fimbo kabla waganga hawajafunga sanduku.