Vyombo vya Nyumbani na Mvua ya Kwanza

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Waarabu huuita msimu wa majani mabichi rabii, na jina hilo hulitumia pia kwa mvua iyaoteshayo. Katika nchi ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, rabii ya namna hiyo huingia mwisho wa mwaka, pindi mvua za kwanza zishukapo baada ya kiangazi na watu wakaanza kutengeneza mashamba ya mpunga. Wakati huo nyumba nazo hutazamwa upya. Jamvi lililochakaa hutolewa, mtungi ulioingia ufa huwekwa kando, na macho huelekea ziwani. Kwani vyungu vya Wakisi huja kwa mitumbwi: hushushwa soko la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema, na vingine hufika Itungi bandarini. Hufinyangwa kwa mikono na wanawake wa Ikombe na vijiji jirani, chini ya milima ya Livingstone, mahali ambapo mlima umelisogelea ziwa hata nafasi ya kulima ni haba. Aliyezoea sufuria za dukani, akikigonga kwa ukucha chungu hicho chembamba na kukisikia kikilia, huona furaha ndogo isiyokuwa na jina.

Masala yenyewe ni haya. Mtu wa Itungi ana uwezo wa kadiri. Mkewe amemtaka chungu kipya, jamvi, na vikombe viwili vya wageni. Mume akajibu: "Hiyo ni dunia, na dunia ni ya kupita." Je, jawabu hilo ni zuhudi, au ni ubahili uliovikwa kilemba? Wala asidhani msomaji wa Mombasa au Unguja kwamba masala haya ni ya watu wa ziwani peke yao. Jawabu kama hilo husikiwa barazani pia, na kikombe cha kahawa ki mkononi mwa msemaji.

Kufurahia chombo kizuri si kosa. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31 na ya 32, Mwenyezi Mungu ameamrisha watu wajipambe kila wasalipo, wale na kunywa pasi na israfu, kisha akamkemea mwenye kuharamisha mapambo aliyowatolea waja wake. Na katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80, amezihesabu samani za nyumba miongoni mwa neema zake, na akabainisha kwamba ni starehe ya muda. Muda huo ni hoja kwa pande mbili: chombo kitavunjika, nacho ni neema kabla hakijavunjika. Hata kukipokea kwa bashasha kitu kilicho kipya kuna asili yake. Amepokea Muslim kwa Anas kwamba mvua iliponyesha Mtume (S.A.W.) alifunua nguo yake imwangukie mwilini, kwa kuwa ilikuwa imetoka karibuni kwa Mola wake. Na tunda la kwanza la msimu alipoletewa, aliliombea baraka, kisha akampa mtoto aliye mdogo kuliko wote waliohudhuria.

Yule mume hakukosa yote. Vyombo vya dhahabu na fedha vimeharamishwa, na katika hadithi ya Jabir kitanda cha nne, baada ya cha mume na cha mke na cha mgeni, kimetajwa kuwa ni cha Shetani. Wako wenye kujaza zidaka sahani za kaure ambazo hapana mgeni aliyepata kuzilia. Wao na wajitazame.

Lakini vikombe viwili si kitanda cha nne, na chungu si pambo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameandika katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa pwani yetu yote, kwamba mke ana haki juu ya mumewe ya kitu cha kukalia, kama jamvi, na ya vyombo vya kulia, vya kunywea na vya kupikia: chungu, bakuli, kikombe, mtungi na mfano wake. Na kisuwa hutolewa mwanzo wa kila msimu, wa baridi na wa joto. Haya ni deni, wala si hisani. Mwenye dhiki haamrishwi kaure. Hutoa cha udongo kwa kadiri ya hali yake. Mtu ana ruhusa ya kuzuhudu katika fungu lake mwenyewe: ale kidogo, alale juu ya mkeka mtupu. Mke akiridhia kuiacha haki yake, hiyo ni ihsani yake yeye, wala si zuhudi ya mume.

Basi kuipenda dunia kutajulikanaje? Sura ya 107 imewataja wasalio kwa riya na kunyima maun. Ibn Masud amesema kwamba zama za Mtume walikuwa wakiihesabu maun kuwa ni kuazimana ndoo na chungu, ingawa Ali na wengine wameifasiri kuwa ni zaka. Katika Kyela, ambako misheni za Kilutheri na za Moravian ziliingia mwaka 1891, jirani ajaye kuazima chungu mara nyingi si Mwislamu. Naye ana haki ya ujirani, kwani Abdullah bin Amr alipochinjiwa kondoo aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amepelekewa.

Na chungu kilichoazimwa kikipasuka jikoni kwa kupikiwa kama ilivyoruhusiwa, hapana dhamana katika madhehebu ya Imam Shafi. Kikianguka njiani kikirejeshwa, aliyeazima hulipa thamani yake ya siku kilipovunjika, japo hakuzembea, illa mwenyewe asamehe. Na mwenyewe ni nani? Kauli iliyo sahihi zaidi katika Minhaj ni kwamba vyombo vya chakula mke humilikishwa. Kwa hiyo kusamehe au kutaka malipo ni shauri la mke, na mume hana neno ndani yake.