Je, Kuoza Kunatakasa?

Miraa ya Igembe, kule Meru, hufungwa kwa majani ya mgomba ili ifike sokoni ikiwa bado na unyevu. Jani likishatupwa, mchwa na mvua hulimaliza, wala hakuna anayeulizwa lilikoenda. Siku hizi wachimbaji wa mafuta na gesi nao wanajivunia jambo kama hilo: matope ya kuchimbia yaliyochanganywa na mafuta ya mimea badala ya dizeli, gundi ya mbegu za mmea wa guar ya kuyafanya mazito maji ya kupasulia miamba, na vizibo vya plastiki itokanayo na wanga, ambavyo huyeyuka vyenyewe kisimani kazi ikiisha. Swali la kimaadili ni hili: kitu kikioza, wajibu wa aliyekitumia nao huisha?

Hauishi, na sababu ya kwanza imo katika vipimo vyenyewe. Kipimo kimoja cha shirika la kimataifa la OECD huitambua kemikali kuwa inaoza upesi ikiwa angalau asilimia 60 yake imeoza ndani ya siku 28, lakini hiyo ni maabara. Plastiki ile ya vizibo, yaani ya asidi laktiki, huyeyuka katika joto na maji ya kisima kirefu. Ukiiacha kwenye udongo wa baridi wa miteremko ya Mlima Kenya, itakaa miaka. Guar nayo ina gharama zake: mwaka 2012 bei yake ilipanda sana kwa sababu ya visima vya Marekani, na mashamba ya Rajasthan, India, yakageuzwa kufuata soko hilo. Zaidi ya yote, kinachooza ni kifaa tu. Mafuta yaliyotolewa kwa kifaa hicho huchomwa, na sehemu ya hewa ukaa yake hubaki angani kwa karne nyingi.

Mtu atasema, na kwa haki, kwamba lori linalokimbiza miraa kutoka Maua hadi Nairobi linatumia dizeli, na pampu inayomwagilia nyanya kule Mbeere inatumia petroli. Basi tusijifanye watakatifu. Nakubali pia kwamba matope yenye sumu kidogo ni nafuu ya kweli kwa mfugaji wa Lokichar, kule Turkana, ambako kisima cha Ngamia-1 kiligundua mafuta mwaka 2012. Mbuzi wake hawali falsafa. Ila kupunguza madhara ni kulipa sehemu ya deni, si kupata ruhusa ya kukopa upya. Wapo pia wanaotaja kitabu cha Mwanzo na mamlaka aliyopewa binadamu juu ya dunia, ingawa Papa Francis, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alilikataa wazi fundisho linaloyageuza mamlaka hayo kuwa unyonyaji. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, wana hoja yao ya tangu zamani. Katika msitu mtakatifu wa Giitune, mwiko huanzia mlangoni: nani amekuruhusu kuingia na kukata? Wahandisi huanza na swali la mwisho, yaani tutaondokaje.

Bomba la kutoka Lokichar hadi Lamu lilipangwa kupita Isiolo, jirani na Meru. Wenye mradi wakija na orodha ya kemikali zinazooza, wazee wana haki ya kuiweka kando kwanza na kuuliza ni mafuta kiasi gani yataachwa ardhini, na nani atakayeamua.