Anayeachwa Apite

Huku Kasongo, mashariki mwa Kongo, Robin Hood tunamjua kwa jina la Kifaransa, Robin des Bois, kwa kuwa kaseti za kwanza zilizotufikia zilitiwa sauti za Kifaransa. Nilimtazama utotoni, nikamtazama tena nikiwa na watoto wangu, na sasa wajukuu wananicheka kwamba mzee anajua nani atakufa kabla kipindi hakijaanza. Wana haki ya kucheka. Hadithi ya mwizi mwenye huruma haina siri yoyote: liwali wa Nottingham ni mbaya, msitu ni salama, mshale haukosi. Hata hivyo akitokea na upinde wake begani, mimi siondoki.

Kwetu huitazami filimu peke yako. Umeme wa kutegemea hatuna, kwa hiyo mtu mwenye grupu, yaani jenereta, anatia petroli, anavuta kamba mara tatu nne, na moshi unaingia ndani pamoja na watazamaji. Chumba cha udongo, mabenchi, turubai mlangoni ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie. Petroli ikiisha katikati, aliyewahi kuiona filimu anasimama kusimulia sehemu iliyobaki. Mtaani kwetu alikuwepo mmoja ambaye liwali wake alikuwa akitoza kodi ya baiskeli. Nottingham ya zama zile haikuwa na baiskeli, lakini hakuna aliyembishia, maana liwali wa namna hiyo tulimfahamu. Dar es Salaam kazi hiyo ya kusimulia ilimpa umaarufu Lufufu, na Kenya ikampa DJ Afro: watu wanaotia Kiswahili juu ya filimu za watu wengine mpaka zikawa za kwetu.

Wala si sisi peke yetu tuliomshona upya. Robin wa zamani kabisa hakuwa bwana mkubwa; alikuwa mtu huru wa kawaida. Ni mwandishi wa michezo ya jukwaani, Anthony Munday, aliyempa uungwana mwaka 1598 kwa kumfanya mtawala wa Huntingdon. Mfululizo mkubwa wa kwanza wa televisheni, ule wa Richard Greene, ulianza mwaka 1955 Uingereza na kufikia vipindi 143. Baadhi ya waliouandika walikuwa Wamarekani waliofungiwa kazi Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti, akiwamo Ring Lardner Jr., na majina yao ya kweli hayakuonekana kwenye skrini. Watu waliotengwa na serikali yao wakawa wanaandika, kwa siri, habari za mtu aliyetengwa na serikali yake. Nikivitazama vipindi vile leo, hasira ya liwali kila mara anapotaka mtu amtaje mwenzake naielewa vizuri zaidi, maana waandishi hao nao walitakiwa kuwataja wenzao.

Lakini aliyenishika mimi ni Nasir. Katika Robin of Sherwood, iliyotengenezwa kati ya 1984 na 1986, miongoni mwa wenzake Robin yumo Mwislamu mwenye panga mbili. Kasongo ni mji wa Waislamu wengi tangu enzi za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Jioni ya kwanza Nasir alipoonekana, benchi la nyuma lilipiga kelele mpaka mwenye video akatishia kuzima. Baadaye nikajua kwamba mhusika huyo alikusudiwa kufa mwanzoni tu. Waliokuwa wakipiga picha walimpenda mchezaji wake, Mark Ryan, wakambakiza. Basi akawa desturi. Filimu ya Kevin Costner ya mwaka 1991 ikamleta Azeem, akichezwa na Morgan Freeman, na BBC mwaka 2006 ikamleta Djaq, mwanamke. Mashairi ya kale hayana Mwislamu hata mmoja katika genge la Robin. Televisheni ndiyo iliyomfungulia mlango, tena kwa bahati, na sasa ukimtoa watu watauliza yuko wapi.

Kwa miaka mingi niliamini kama kila mtu kwamba ubora wa Robin ni kuchukua kwa tajiri na kumpa maskini. Siku hizi naona uzito uko kwingine. Lipo shairi refu la Kiingereza, A Gest of Robyn Hode, lililochapwa karibu na mwaka 1500. Humo Little John anamwuliza kiongozi wake: tumpige nani, tumwache nani? Robin anaanza na wa kuachwa. Mkulima anayelima shamba lake asiguswe. Mtu mwema wa kawaida anayepita njia yake asiguswe. Maaskofu na liwali, hao ndio wa kukamatwa. Na kundi lolote lenye mwanamke ndani yake hakulidhuru kamwe. Msafiri akifika anakaribishwa chakula kwanza, kisha anaulizwa ana pesa ngapi. Kabaila mmoja anasema ana shilingi kumi tu; Little John anahesabu, anakuta ni kweli, na fedha yake haiguswi. Zaidi ya hapo anakopeshwa pauni 400 akomboe shamba aliloweka rehani kwa watawa. Kuiba kila jambazi anajua. Genge lenye orodha ya watu wasioguswa, na linaloifuata hata likiwa na njaa, ni la nadra.

Ndiyo maana simwiti Robin kila aliyeingia msituni. Hapa kwetu, Ngongo Lutete wa karne ya kumi na tisa angefaa misimu minne ya televisheni. Alitekwa mtumwa utotoni, akapanda mpaka kuwa jemadari upande wa Tippu Tip, mwaka 1892 akahamia upande wa Wabelgiji, na Septemba 1893 wakamuua kwa risasi huko Ngandu kwa tuhuma ya usaliti, miezi michache tu baada ya jeshi lao kuingia Kasongo kwa msaada wake. Hasira za askari wake zilichangia maasi ya Luluabourg mwaka 1895, na mwaka 1898 waasi wa jeshi hilohilo la mfalme Leopold wa Ubelgiji waliuteka mji wa Kabambare. Aliuawa kwa dhuluma, hilo halina ubishi. Ila vijiji alivyopita na bunduki zake havikuwa na mkulima aliyeachwa na shamba lake. Vijana wanaotaka tumfanye shujaa nawapa nusu ya hoja yao.

Na si mambo ya babu zetu tu. Kule Salamabila, wilayani Kabambare, kuna dhahabu ya Namoya. Wachimbaji wadogo waliokuwa wakiishi kwa kilima cha Mwendamboko waliondolewa ili kampuni ya Banro ichimbe kwa mashine. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli, na kundi la Mai-Mai Malaika likasimama kusema linawapigania. Wafanyakazi wa mgodi walitekwa Julai 2019, na Septemba mwaka huo kampuni ikasimamisha kazi. Ukiisikia habari hiyo kijuujuu, ni Sherwood kamili: kuna msitu, tajiri kutoka mbali na watu waliopokonywa. Baadhi yetu tuliokua na Robin moyo ulituruka kidogo, nakiri.

Lakini ukifika njiani unakuta barieri. Ni kamba imefungwa mti huu mpaka mti ule, na vijana wawili watatu wenye silaha. Mbele yangu siku moja alikuwa mama anayesukuma baiskeli yenye mabidoni manne ya mafuta ya mawese. Kijana hakumwuliza ana nini wala anakwenda wapi. Alifungua kifuniko cha bidoni, akamimina mafuta kwenye sufuria yake mpaka yakafika ukingoni, akapokea na noti, kisha akalegeza kamba. Alimwita mama kwa adabu kabisa. “Mama, safari njema.” Mama akajibu, “Aksanti, mwanangu.” Nyuma yetu gari lilipita bila kusimama, walilijua ni la nani.

Na hiyo ni barieri iliyokuwa na adabu. Ripoti za Umoja wa Mataifa kuhusu Kabambare zimeeleza ubakaji uliofanywa na watu wenye silaha, na familia nyingi zilizokimbia Salamabila zinaijua habari hiyo bila kusoma ripoti. Ukiweka kanuni ile ya shairi la kale mezani, iwe ni genge la msituni au ni mtumishi wa serikali mwenye kofia, maswali ni yaleyale. Je, mwenye jembe aliachwa? Je, mwanamke aliyekuwa njiani alifika nyumbani salama? Jibu likiwa hapana, hotuba juu ya dhahabu ya wananchi haina kazi tena, hata kama dhahabu ni ya wananchi kweli.

Wajukuu wameniuliza kama basi nimeacha kumpenda Robin. Hapana, nampenda zaidi, kwa kuwa nimeona jinsi kazi yake ilivyo ngumu. Wao wanapenda zile za karibuni, zenye milipuko, ambapo Robin anaruka juu ya mapaa na mkulima haonekani kabisa. Kwangu hizo ni filimu za komando zilizovikwa nguo za kijani. Ukitaka kuanza, anza na ile ya 1984, vipindi 26 tu. Robin wa kwanza ni mtoto wa kijijini na anauawa, wa pili ni mtoto wa bwana mkubwa, na utachagua mwenyewe yupi anafaa. Kama Kifaransa kinakusumbua usiogope: Nasir haongei sana.