KANZU YENYE KUBANA



Tusome 1 Samweli 2:19. Pale tunamwona Hana. Kila mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea. Hakushona moja tu ya siku zote, maana alijua: mtoto anakomaa, kanzu haikomai.

Tulipojitayarisha kwa 12 Oktoba, siku ya kukumbuka kufa kwa Papa Simon Kimbangu hapa hapa Elisabethville mwaka 1951, kisha miaka 30 ya kifungo, mama mmoja alijishonea kanzu yake nyeupe na kijani. Alitumia vipimo vya mbele ya kuzaa. Siku ya posho akaivaa: kifua kimebana, mikono haipandi. Feza ya kitambaa kingine hakuna. Siku ya Mungu hakuja. Sisi mashemasi wa mlangoni tukasema, imani yake imepungua. Wapendwa, tulikosa. Kumbe kilichopungua ni kitambaa.

Mama mmoja mzee hakusema neno. Alienda kwake, komini Kenya, akageuza ile kanzu ndani nje na kutazama mishono. Akacheka: “Binti yangu, umeacha kitambaa ndani, upana wa kidole. Tutapona.”

Wakafumua kwa wembe, uzi kwa uzi, bila kuvuta. Mshono ukasogezwa sentimeta 1 tu. Lakini mishono ya ubavuni ni miwili, na kila mmoja unashika vitambaa viwili: kanzu ikapanuka sentimeta 4. Chini ya makwapa wakatia vipande viwili vilivyobaki kwa kitambala cha kichwa. Wakapiga pasi ya makala. Siku ya sikukuu mama yule aliinua mikono yote miwili akiimba, na mtoto mgongoni.

Sisi tunajifunza nini?

Kwanza, mbele ya kuhukumu mlangoni, tuende nyumbani. Ndugu asipoonekana, tuulize kinachombana.

Pili, anayeshona aache kitambaa ndani. Baba anayemwekea mtoto sheria, mume na mke, wazee na vijana: sheria isiyobakiza hata kidole kimoja itapasuka siku mwenzako atakapoinua mkono.

Tatu, penye kubana tufumue, tusivute. Kwa nguvu tunapasua. Kwa uvumilivu tunapanua.

Mama yule alionea haya matundu ya sindano ya mshono wa zamani, yaliyobaki yakionekana. Sisi tunamwambia: usione haya. Ni alama kwamba ulitengenezwa, hukutupwa. Nasi tulimwomba msamaha mbele ya parokia, naye akatusamehe.

Bwana atupe mioyo yenye nafasi. Amina.