Yusufu wa Mwaka Huu

Mchungaji mmoja mgeni, baada ya kukaa saa mbili kwenye benchi la mbele, aliniuliza kama sioni shida kuwafundisha vijana kulia machozi ya kutengeneza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amemwona kijana wa miaka kumi na saba, umri ule ule ambao kitabu cha Mwanzo kinampa Yusufu, akiwakumbatia ndugu waliomuuza huku kifua kinampanda na kushuka. Muda si mrefu akamkuta huyo huyo nyuma ya ukumbi, anafokeana na mwenzake kwa sababu ya soda. "Sasa mwalimu," akasema, "ule msamaha ulikuwa wa nani?"

Mimi ni mwalimu mstaafu. Katika kikundi cha vijana cha usharika wetu hapa Tanga kazi yangu ni kushika daftari la maneno, kushona maleba na kunyamazisha watu. Kila mwaka tunaigiza kwa nyimbo habari za Yusufu mwana wa Yakobo. Walioanza walikuwa wanafunzi wangu. Sasa ni watoto wao wanaotupwa shimoni. Shimo lenyewe lilianza kuwa meza iliyopinduliwa, likawa pipa la mafuta lililokatwa kichwa, na siku hizi ni uwazi ulioachwa kati ya spika mbili na kufunikwa kitambaa cheusi. Kanzu tunaiunga kwa vipande vya vitenge ambavyo mafundi cherehani wa Ngamiani hutuwekea. Wasichana ni wengi kuliko wavulana, kwa hiyo ndugu kumi wenye ndevu za sufi huwa wanaimba sauti ya kwanza, na watazamaji wameshazoea.

Si sisi wa kwanza kuiimba habari hii. Tarehe 1 Machi 1968 wavulana wa shule ya Colet Court, London, waliwaimbia wazazi wao kazi ya vijana wawili, Andrew Lloyd Webber aliyekuwa na miaka 19 na Tim Rice mwenye 23. Ilichukua kama robo saa hivi. Baadaye ikarefushwa, ikawa Joseph and the Amazing Technicolor Dreamcoat, na shule za nchi nyingi zimeiweka jukwaani tangu hapo. Ya kwetu haikutoka huko. Mwalimu wa kwaya alitunga nyimbo zake mwenyewe, baadhi kwa mdundo wa mdumange, maana nusu ya waimbaji ni Wasambaa na huwezi kuwazuia mabega.

Jirani yangu, mwalimu wa madrasa, haji kutazama. Wanazuoni wake hawaruhusu nabii aigizwe, naye haoni sababu ya kuwabishia kwa ajili ya tamasha langu. Ila jioni akinikuta barazani nashona hunisimulia Sura ya Yusuf, ambayo kwa aya zake 111 inakishika kisa hiki kimoja karibu tangu mwanzo hadi mwisho. Ni yeye aliyenionyesha kwamba mle kanzu inatokea mara tatu: yenye damu ya uongo, iliyochanwa kwa nyuma, na ile iliyowekwa usoni pa baba ikamrudishia kuona. "Bi Mwalimu, shona tatu," husema. Bajeti inaruhusu moja.

Swali la mchungaji lina wazee wake. Mwaka 1758 mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alimwandikia mwenzake d'Alembert barua ndefu kupinga wazo la kufungua ukumbi wa maigizo Geneva. Hoja yake moja bado inachoma: mtu akilia kwa masaibu ya kubuni hujiona ametimiza wajibu wake wote wa utu, na hakutoa hata senti. Hurudi nyumbani mwepesi, akampita maskini mlangoni. Nimewaona watu wa namna hiyo wakitoka kwenye ukumbi wetu, wengine wakiwa na leso mkononi.

Lakini Rousseau hapo alikuwa anamtazama aliyekaa kwenye kiti. Aliyesimama jukwaani ana shida nyingine. Kwetu ipo kanuni ambayo haijawahi kuandikwa: hakuna anayekuwa Yusufu kabla hajawa mmoja wa ndugu. Anayesamehe mwaka huu, mwaka jana alipokea fedha ishirini akazihesabu kwa sauti, na kama amezihesabu vibaya tumemrudisha azihesabu tena, jioni baada ya jioni, mpaka akaona jinsi ilivyo rahisi. Machozi ya siku ya onyesho sina hakika nayo. Ninachokiamini ni zile jioni.

Na kuna jambo ambalo nililiona baada ya kuwakumbusha vijana maneno yao kwa miaka mingi. Yusufu mwenyewe anaigiza. Ndugu zake wanafika Misri kutafuta nafaka, anawatambua, naye anajifanya mgeni mkali, anazungumza nao kwa mkalimani ilhali anaelewa kila neno. Kilio kinapomzidi anaingia chumbani, analia, ananawa uso, anatoka tena na kuendelea na nafasi yake. Nani katika kikundi chetu hajawahi kufanya hivyo nyuma ya pazia? Kisha anaandaa onyesho kamili: kikombe cha fedha kinafichwa kwenye gunia la Benyamini, mtoto mwingine wa mama yake, Raheli, na kipenzi kingine cha baba, ili ndugu wapate sababu nzuri ya kumwacha utumwani na kwenda zao. Ni tukio la shimo limerudishwa, na wao hawajui kwamba wamo jukwaani.

Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12 aliyezaliwa Cordoba na kufia Misri hiyo hiyo, aliandika kwamba toba kamili huonekana pale mtu anapokutana tena na jambo alilokosea, uwezo wa kulirudia anao, asilirudie, na si kwa sababu ya woga wala udhaifu. Yuda, aliyetoa shauri la kuuza, anajitoa abaki yeye mtumwa badala ya Benyamini. Ndipo Yusufu anashindwa kuendelea kuigiza. Msamaha wao ulipitia kwenye mchezo. Bila mchezo ule wasingejua, wala yeye asingejua, kwamba wamebadilika.

Kwa hiyo mchungaji nilimjibu kwamba ule msamaha bado haukuwa wa mtu. Ulikuwa mazoezi, na kijana ataupata wake siku atakapotendwa. Hilo nalisema bila kujisifia. Wapo ndugu wawili waliopitia mikononi mwangu, mmoja wao alikuwa Yusufu mzuri kuliko wote niliowahi kumshonea kanzu. Baba yao alipofariki waligombana kwa nyumba ya urithi, na mpaka leo hawasemezani.

Labda ndiyo maana msichana aliye Yuda mwaka huu alinishika pabaya. Tulikuwa kwenye wimbo wa mwisho, ndugu wanapocheza kumzunguka Yusufu, akasimama. "Mwalimu, mimi siwezi kucheza hapa. Nitajuaje kama amenisamehe kweli au anamwogopa baba?" Nilimfungulia Mwanzo 50. Yakobo ameishi Misri miaka 17, amekufa, amezikwa, na ndugu wanaanza upya kuogopa. Wanatuma ujumbe kwamba baba kabla ya kufa aliagiza wasamehewe, agizo ambalo Biblia haionyeshi popote Yakobo akilitoa. Yusufu anapolisikia analia. Miaka 17 walikula kwake, na hawakumwamini.

Tumeiongeza sehemu hiyo. Mwalimu wa kwaya amekasirika. Anasema watu watatoka na huzuni, anataka wimbo wa furaha ufunge kazi kama kawaida. Nimemwambia autunge, tutauimba kabla ya msiba.