Asili ya Kahawa ya Asili Moja: Mfano wa Kilimanjaro

Kahawa ya asili moja ni ile inayouzwa kwa jina la mahali ilipolimwa, bila kuchanganywa na ya kwingine. Jina hilo hubeba madai mawili: kwamba mahali huacha alama yake ndani ya kitu, na kwamba alama hiyo haipatikani penginepo. Kabla ya kuwa madai ya kibiashara, hayo ni madai ya kifalsafa, maana yanagusa swali la zamani: ni nini kinachokifanya kitu kiwe cha kwao? Kahawa ya Kilimanjaro inafaa kulipima swali hilo, kwa kuwa majibu yanayotolewa kwa haraka hukwama yote katika miteremko ya mlima huo.

Jibu la kwanza ni mbegu. Mwanafalsafa wa Marekani Saul Kripke, katika mihadhara yake ya mwaka 1970, alitetea rai kwamba kitu hakiwezi kuwa na chimbuko jingine na bado kikawa kilekile: mtu asingeweza kuzaliwa na wazazi wengine akawa yeye, wala meza kuchongwa katika gogo jingine ikawa ndiyo hiyo. Kwa kipimo hicho asili ya mbuni ni uzao wake. Lakini uzao wa mibuni ya Kilimanjaro haukuanzia Kilimanjaro. Arabika huota mwituni katika nyanda za juu za kusini magharibi mwa Ethiopia. Katika karne ya 15 ilikuwa tayari imefika Yemen. Mwanzoni mwa karne ya 18 Wafaransa waliitoa Yemen wakaipeleka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao kazi yao katika pwani ya Afrika Mashariki ilianzia kisiwani humo, waliipanda Bagamoyo walikojenga misheni mwaka 1868, na kabla ya karne hiyo kwisha ilikuwa imefika misheni ya Kilema mlimani.

Ukoo huohuo wa Bourbon ulifika pia Brazil, Guatemala na Rwanda, na kahawa za nchi hizo hazifanani kikombeni. Ukoo ni mmoja, ladha si moja. Zaidi ya hayo, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyoko Lyamungu, imewapa wakulima aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Iwapo asili ni uzao, basi mkulima anayeng'oa mibuni ya baba yake na kupanda chotara za Lyamungu amehama mlima bila kutoka shambani. Hakuna mnunuzi wala mkulima anayekubali hivyo.

Jibu la pili ni ardhi. Hili lina nguvu zaidi, kwa sababu kazi ya mwinuko inajulikana. Kahawa ya Kilimanjaro hulimwa hasa kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 100 za kupanda, joto hupungua kwa zaidi ya nusu ya nyuzi ya Selsiasi. Baridi huchelewesha tunda kuiva, na punje inayoiva polepole huwa ngumu, nzito na yenye uchachu mzuri ambao waonjaji huutafuta. Udongo wa volkano na maji yanayoshuka kutoka msituni hukamilisha sifa hizo. Mahali, basi, ni sababu halisi ya ladha.

Hata hivyo sababu si lazima iwe asili yote. Mlima ulikuwapo maelfu ya miaka bila punje moja ya kahawa. Hata udongo wenyewe si kazi ya volkano peke yake. Mibuni mingi ya Wachagga imo katika kihamba, shamba la nyumbani ambamo kahawa huota chini ya migomba na miti ya kivuli. Ng'ombe hufungiwa zizini, samadi yao hurudishwa shambani, na majani ya migomba hufunika ardhi isikauke. Maji yamekuwa yakiletwa na mifongo, mifereji iliyochimbwa na kutunzwa kwa kazi ya pamoja tangu kabla ya kahawa kufika. Anayesema ladha inatoka ardhini hana budi kuongeza kwamba ardhi hiyo imetengenezwa na vizazi. Mpaka kati ya maumbile na kazi ya mtu, ambao jibu hili linautegemea, hauonekani ndani ya kihamba.

Kwa Wachagga kihamba kina uzito mwingine. Ni urithi wa ukoo, na kwa desturi wafu huzikwa humo, karibu na nyumba zao. Kwa mtazamo huo ardhi si bidhaa tupu wala mandhari. Ni mahali ambapo walio hai, waliotangulia na watakaozaliwa wana haki. Kusema kahawa imetoka kihamba fulani ni kuitaja pamoja na watu wake.

Ndipo linapokuja jibu la tatu: kazi. John Locke, katika karne ya 17, alifundisha kwamba mtu anayechanganya kazi yake na kitu cha asili hukifanya kuwa chake. Katika kahawa mchanganyiko huo unaonekana wazi. Matunda huchumwa kwa mkono, mabivu tu, kwa kurudia mti uleule mara kadhaa katika msimu. Humenywa siku ileile, huvundikwa ili utelezi uachie, huoshwa, kisha kahawa ya maganda huanikwa kwenye vichanja na kugeuzwa mara kwa mara. Uzembe wa hatua moja, kama vile kuvundika kupita kiasi, hufuta yote ambayo mwinuko umeyatoa. Lakini kazi peke yake nayo haitoshi: hatua hizohizo hufuatwa Kenya na Colombia, na kahawa haiwi ya Kilimanjaro.

Kwa hiyo mbegu, ardhi na kazi kila kimoja ni cha lazima, na hakuna kinachojitosheleza. Asili ni kukutana kwa vitu hivyo katika historia moja. Historia hiyo ina siasa pia. Wakulima Waafrika wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, wakati walowezi wakipinga Waafrika kulima kahawa. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na chama cha ushirika cha KNCU. Bila utetezi huo wa haki ya kulima na kuuza, jina la Kilimanjaro lingebaki la mashamba makubwa ya wageni.

Linabaki neno "moja". Kahawa ya vihamba vingi hukusanywa kwenye chama cha msingi na kuuzwa kama shehena moja. Kwa hiyo hata kahawa ya asili moja ni mchanganyiko wa mikono mingi. Hapa linarudi fumbo la Wagiriki wa kale kuhusu chungu ya nafaka: haijulikani ni punje ya ngapi inayoifanya iwe chungu. Umoja unaweza kuwa wa shamba, kijiji, mlima au nchi. Huko Japani, ambako jina la Kilimanjaro linapendwa sana, kanuni za wafanyabiashara wa kahawa huruhusu jina hilo kwa arabika ya Tanzania kwa jumla, isipokuwa ya Bukoba. Kahawa iliyolimwa Mbeya inaweza kunywewa huko kama Kilimanjaro. Umoja, basi, ni mpaka uliowekwa na watu kwa kusudi fulani, na unastahili kukubaliwa pale tu unapotajwa waziwazi.

Mwisho kuna suala la ujuzi. Mnywaji hawezi kuuonja mlima. Ulimi wake hutambua uchachu na uzito, si ramani. Anaijua asili kwa kuambiwa. Wanazuoni wa hadithi katika Uislamu walilijua tatizo hili, wakaweka sharti la isnadi: kauli hupimwa kwa mlolongo wa waliopokezana, na kiungo kimoja kisichoaminika huidhoofisha yote. Jina la asili husimama kwa sharti hilohilo, kutoka kwa mkulima hadi chama cha msingi, kiwanda cha kukoboa, mnada na mkaangaji.

Jina la asili, kwa hiyo, ni amana. Anayeliweka juu ya kahawa nyingine amemdanganya mnunuzi na pia amechukua kilichojengwa na wengine. Na kwa kuwa kazi ya mkulima ni sehemu ya asili yenyewe, bei inayolipia jina bila kumfikia aliyelijenga ni dhuluma, hata kama kila neno kwenye mfuko ni kweli.